Baba na mama wapo nyumbani, mtoto bado anasubiri

Ndugu msomaji, Jumamosi moja baada ya darsa ya akina mama ninayoifundisha msikitini mtaani kwetu, alibaki mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Akangoja wenzake waondoke, kisha akaniuliza: "Ustaadh, mimi napika maandazi nyumbani. Siendi sokoni wala siendi ofisini, nashinda na wanangu kutwa. Mbona wananililia kama watoto walioachwa na mama yao?"

Nilimjibu kama tulivyozoea kujibu sisi walimu. Nikamwambia avute subira, azidishe dua, watoto ni amana. Hayo yote ni kweli. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani nikatambua kuwa sikumjibu. Yeye hakuuliza habari ya subira. Aliuliza inakuwaje mzazi awepo na wakati huo huo asiwepo. Na jambo hilo mimi nalijua, tena si kwa kulisoma kitabuni, nalijua kwa kuwa nimelifanya. Makala hii ni jawabu lake lililochelewa, na ninawaomba wanaume wenzangu wasiipite kwa kudhani kuwa ni ya akina mama.

Kwanza tukubaliane kuwa ile ni kazi. Mitaani kwetu mwanamke anayeshona, anayepika vitumbua, anayesuka nywele, anayechora hina za maharusi, anayegandisha barafu za ubuyu au anayefundisha watoto tuisheni barazani, akiulizwa anafanya kazi gani hujibu, au mumewe humjibia, kuwa "yupo tu nyumbani". Hebu tuangalie siku ya huyu mama wa maandazi. Unga anaukanda baada ya Isha. Saa tisa usiku ameshaamka kuwasha jiko. Ikifika saa kumi na mbili asubuhi maandazi yanatakiwa yawe yameshafika dukani na kwa wauza chai. Mchana anatafuta unga, mafuta na mkaa kwa bei itakayomwachia chochote, anafuatilia madeni, anaosha vyombo vya biashara kabla ya vyombo vya nyumbani. Mtoto wake wa miaka miwili anaamka saa kumi na mbili na nusu akiwa na nguvu mpya, na mama yake wakati huo ameshakuwa kazini saa tatu na nusu.

Mwajiriwa ana pa kushika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimwekea mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini ana ruhusa ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Sasa huyu aliyejiajiri kwa karai lake siku hizo 84 atampa nani? Asipopika wiki mbili, mteja amehamia kwa jirani. Ndio maana utamkuta mzazi hata arobaini haijatimia ameshakaa mbele ya moto, na watu wanamsifu kuwa ni mwanamke shupavu.

Uislamu haukuidharau kazi ya namna hii. Mama wa Waumini Zaynab bint Jahsh (r.a) alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake, na imepokewa kuwa alikuwa akidabighi ngozi na kushona, kisha akitoa sadaka katika alichokipata. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (r.a) kuwa Mtume (s.a.w) aliwaambia wake zake kuwa wa mwanzo kumfuata baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wenzake. Wakawa wanapimana mikono. Baadaye wakafahamu kuwa aliyekusudiwa ni Zaynab, kwa sababu urefu wa mkono ulikuwa ni kuchuma na kutoa. Ikiwa kazi ya mkono ndani ya nyumba ya Mtume (s.a.w) ilihesabiwa, sisi tumepata wapi neno la "yupo tu"?

Nami nililitumia neno hilo miaka mingi. Mama watoto wangu ni fundi cherehani. Tangu tuoane anashona nyumbani. Sare za shule mwezi wa Disemba na Januari, madera na mabaibui Ramadhani ikikaribia. Asubuhi nilikuwa naondoka kwenda shule kufundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu, ninarudi Alasiri, ninakuta chakula, watoto wameogeshwa, na nguo za wateja zimekunjwa. Nilidhani mambo hayo yanajifanya.

Machi 17, 2020 serikali ikatangaza kufunga shule kwa sababu ya korona. Awali zilikuwa siku 30, lakini hatukurudi madarasani mpaka mwishoni mwa Juni, isipokuwa kidato cha sita waliotangulia tarehe mosi ya mwezi huo. Shule niliyokuwa nikifundisha ni ya watu binafsi. Ada haziingii, tukalipwa nusu mshahara, na tukatakiwa tuandae masomo na kuyatuma kwa simu kwa wazazi. Ikabidi pia nitafute wanafunzi wa kuwasomesha kwa simu ili kufidia ile nusu iliyopotea. Basi nami nikawa mtu wa kufanya kazi nyumbani.

Tuna vyumba viwili na sebule. Sebule ni ya cherehani. Nikachukua chumba chetu cha kulala, nikaweka meza na kiti, nikafunga mlango. Binti yetu alikuwa na miaka mitano, mdogo wake wa kiume miaka miwili. Siku ya kwanza mlango uligongwa zaidi ya mara kumi kabla ya Adhuhuri. Mtoto anataka maji. Mtoto amegombana na mwenzake. Mtoto hataki kitu, anataka tu kuona baba anafanya nini. Kila mara nilijibu kwa kupaza sauti bila kufungua: "Subiri, nakuja sasa hivi." Nami siendi.

Siku ya tatu au ya nne nilitoka nikiwa nimekasirika, nikamwambia mama yao: "Hebu watoe watoto huku, mimi niko kazini." Alikuwa ameinama juu ya cherehani, mtoto mdogo ameshika pindo la dera lake, mteja amekaa kwenye kochi anasubiri nguo. Hakuinua hata kichwa. Akasema: "Ustaadh, na mimi niko kazini. Mwaka wa sita huu."

Sikuwa na la kujibu, nikarudi chumbani. Lakini nakiri kuwa hata hilo halikunibadilisha. Mwanadamu akishindwa hoja hafuati haki palepale, anatafuta kwanza pa kujificha. Kilichonibadilisha ni jambo dogo zaidi, na lilitokea ndani ya Ramadhani ya mwaka ule, shule zikiwa bado zimefungwa.

Nilikuwa nimejilaza sebuleni baada ya Adhuhuri. Watoto wakadhani nimelala. Binti yangu alikuwa amechukua kanga ya mama yake akaitundika kati ya viti viwili, akakaa nyuma yake. Ameshika kandambili sikioni kama simu. Mdogo wake amesimama upande wa pili wa kanga anamwita: dada, dada. Naye akamjibu kwa sauti nzito, sauti ambayo niliitambua mara moja kuwa ni yangu: "Subiri, nakuja sasa hivi." Mdogo akaita tena. Akajibiwa vilevile. Akaita mpaka akalia. Dada yake hakutoka, kwa sababu huo ndio ulikuwa mchezo wenyewe, na katika mchezo huo baba hatoki.

Ndugu msomaji, kuna hadithi aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Abdullah bin Amir (r.a). Anasimulia kuwa alipokuwa mtoto, mama yake alimwita aje ampe kitu, na Mtume (s.a.w) alikuwa amekaa nyumbani kwao. Mtume (s.a.w) akamuuliza yule mama alikusudia kumpa nini mwanawe. Akasema tende. Akamweleza kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Hadithi hiyo nimeisomesha darasani mara nyingi. Nawaeleza wanafunzi kuwa uongo kwa mtoto ni uongo, kwamba hapana uongo mdogo kwa kuwa anayedanganywa ni mdogo. Na wakati huohuo nyumbani kwangu nilikuwa naandikisha zaidi ya mara kumi kwa siku, katika funga, nikiwa nyuma ya mlango ninatayarisha somo la maadili.

Hapa ndipo lilipo jawabu la yule mama. Watoto wake hawalii kwa sababu ya maandazi. Mtoto ambaye mama yake ameondoka kwenda kazini analia mlangoni, kisha anatulia, kwa sababu jambo limekatika, mama ameondoka na jioni atarudi. Lakini mtoto ambaye mama au baba yake yupo hatua tatu kutoka kwake na kila akiita anaambiwa sasa hivi, jambo lake halikatiki kutwa nzima. Anakaa katika kungoja. Kinachomchosha zaidi ya kazi yenyewe ni ahadi isiyo na mwisho, na baada ya muda anaacha kuiamini, kisha anaanza kuitumia kwa wengine kama alivyofanya binti yangu.

Tulichofanya ni kuliondoa neno "sasa hivi" nyumbani kwetu. Ukitaka kumwambia mtoto angoje, mwambie angoje mpaka lini, na iwe lini ambayo yeye anaijua. Mtoto wa miaka mitatu hajui nusu saa ni nini. Lakini adhana anaijua. Mama akisema "nikishaswali Alasiri tutakaa wote", mtoto ana kitu cha kusikiliza. Allah (s.w) ametueleza katika Suratun Nisaa (4:103) kuwa sala ni faradhi iliyowekewa nyakati zake, nasi Waislamu tunatembea na nyakati hizo tano bila kuzitumia kupanga mambo mengine. Kwa wenye watoto wadogo sana wasioweza kungoja mpaka adhana, mama watoto ana njia yake. Anamwonyesha mtoto kipande anachoshona na kumwambia "mkono huu ukiisha". Mkono ukiisha anasimama kweli, hata kama mteja yupo. Wateja wamezoea. Aliyeshindwa kuzoea ni mmoja, na Allah amemlipa mama watoto wengine.

Lipo pia suala la mlango. Katika Suratun Nuur (24:58) Allah (s.w) amewaamrisha waumini wawafundishe watumwa wao na watoto wao ambao hawajabaleghe kuomba ruhusa kabla ya kuingia katika nyakati tatu: kabla ya sala ya Alfajiri, adhuhuri wakati watu wanapovua nguo zao kupumzika, na baada ya sala ya Isha. Aya hii inazungumzia sitara, haizungumzii ajira, na sitaki kuibebesha nisichopewa. Lakini tuitazame adabu iliyomo. Kwanza, mtoto ambaye hata hajabaleghe anaweza kufundishwa kugonga na kungoja. Wanaosema watoto hawafundishiki wameshindwa wao. Pili, jambo ambalo mimi nilikuwa silioni: Aya imefunga mlango mara tatu tu. Baada ya nyakati hizo imeeleza kuwa hapana lawama, kwa kuwa watu wa nyumba moja wanazungukiana, huyu anaingia kwa yule. Mlango wa nyumba ya Muislamu asili yake kwa mtoto ni wazi, na kufungwa ndiko kunakohitaji wakati maalumu. Mimi nilikuwa nimepindua. Niliufunga tangu asubuhi mpaka jioni nikawa ninawafungulia kwa kuwahurumia.

Sasa ninaufunga kwa vipindi viwili vya muda mfupi, vinajulikana, na watoto wanagonga. Nje ya hapo wanaingia. Baadhi ya wanafunzi wangu wa simu wameshamsikia mwanangu akisoma Suratul Ikhlas katikati ya somo la mirathi. Hakuna aliyedhurika.

Nitagusia simu kwa haraka kwa kuwa limeshasemwa sana. Mzazi anayefanya kazi nyumbani ndiye mwenye kishawishi kikubwa zaidi cha kumpa mtoto simu ili anyamaze. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuwa haishauriwi kumweka mtoto wa chini ya miaka miwili mbele ya kioo cha simu au televisheni, na kwa wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Najua kuna siku oda ya harusi inadaiwa kesho na hakuna wa kumshika mtoto. Siku hiyo mzazi atafanya analoweza. Lakini isiwe ndiyo yaya wa kila siku. Na kwa wanaokaanga: karai la mafuta ya moto na mtoto anayetambaa havikai chumba kimoja, hata kwa dakika moja ya "nipo hapa namwona". Kazi ya moto ifanywe watoto wakiwa wamelala au wakiwa na mtu mzima mwingine. Hapa sina fat'wa, nina majirani niliowapeleka hospitali.

Huyo mtu mzima mwingine ni nani? Katika nyumba nyingi ni binti mkubwa. Ana miaka tisa, ameshafanywa mama. Kaka yake wa miaka kumi na mmoja yuko uwanjani na mpira. Sipingi mtoto kusaidia wazazi, ni katika malezi mema. Ninapinga mtoto mmoja kubebeshwa kwa sababu ya jinsia yake mzigo ambao mwenye kuulizwa mbele ya Allah ni baba yake. Katika Suratul Baqara (2:233), Aya inayotaja kunyonyesha miaka miwili kamili, Allah (s.w) ameweka chakula na mavazi juu ya baba, na amekataza mama kudhurishwa kwa sababu ya mwanawe na baba kudhurishwa kwa sababu ya mwanawe. Hivyo mwanamke anayepika maandazi ili watoto wavae, huyo ameshamsaidia mumewe katika wajibu wa mumewe. Itakuwaje mume asimsaidie katika malezi, ambayo ni wajibu wao wote wawili?

Baadhi ya ndugu zetu wakisikia hivi husema huu ni uzungu umeingia. Bibi Aisha (r.a) aliulizwa Mtume (s.a.w) alikuwa akifanya nini akiwa nyumbani kwake. Akaeleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika anatoka kwenda kuswali. Hiyo iko katika Sahihi Bukhari. Na katika hiyohiyo Sahihi Bukhari imo kuwa Mtume (s.a.w) alikuwa akiingia katika sala akikusudia kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia anaifupisha, kwa kuchelea asimtie mama yake mashakani. Mwenye ibada kubwa kuliko sisi alisikia kilio cha mtoto wa mtu mwingine akiwa ndani ya sala akabadilisha mpango wake. Sisi tukisikia kilio cha watoto wetu tunaongeza sauti ya televisheni na kuita: mama fulani, mtoto huyo!

Kwa upande wangu nimechukua kipindi cha kati ya Alasiri na Magharibi. Wakati huo watoto ni wangu wote wawili, na watatu sasa. Ninawaogesha, tunasoma juzuu, tunakwenda dukani kununua mafuta ya taa na chumvi. Mama watoto anafunga mlango wa sebule na kushona bila kuitwa. Wiki ya kwanza aliniambia kuwa katika muda huo mmoja alimaliza gauni ambalo kwa kawaida lingemchukua siku mbili. Nilifurahi, kisha nikahesabu miaka sita nyuma na furaha ikapungua. Chapati sijui kusukuma mpaka leo. Nguo za shule ninapiga pasi, na binti ananisahihisha.

Haikuwa safari iliyonyooka. Shule zilipofunguliwa nilirudi kwenye tabia zangu kwa miezi kadhaa, mpaka siku moja mdogo mwenyewe, hajafika hata miaka mitatu, akaja akanishika kidevu akanigeuza uso kutoka kwenye simu. Hakusema neno. Niliiweka simu chini.

Kuna jambo sijalimaliza na wanazuoni wetu wangetusaidia. Fedha anayopata mwanamke kwa kazi yake ni mali yake (4:32), na mume hana haki ya kuichukua wala kuipangia. Lakini katika nyumba zetu fedha ya maandazi ndiyo kodi, ndiyo ada, ndiyo umeme. Wengi hawatoi kwa hiari, wanatoa kwa kuwa wasipotoa watoto watalala njaa. Je, hiyo ni sadaka yake, au ni deni juu ya mume atakalodaiwa? Nimewauliza masheikh wawili wakanipa majibu mawili. Inshaallah nikilipata vizuri nitalileta hapa.

Yule mama nimeshamtumia salamu kuwa jawabu lake lipo. Darsa ni Jumamosi ileile baada ya Alasiri, na safari hii nimemwomba imamu atangaze kwa wanaume pia. Waje na watoto. Msikiti una uwanja, na kwa siku hiyo watakaowashika nje ni akina baba.